Jiwe la Tunduru na Mkono wa Mrushaji

Vito vya Tunduru vilichimbwa na mtu mmoja vikamtajirisha mwingine. Katikati ya miaka ya 1990, habari zilipoenea kwamba changarawe ya Mto Muhuwesi ina yakuti, maelfu ya watu waliingia katika wilaya hiyo iliyo mashariki ya Songea. Waliacha mikorosho na mpunga wakashika sululu, beleshi na chekeche. Walipata yakuti za rangi nyingi, ganeti, spineli na aleksandraiti, jiwe ambalo ni la kijani juani na jekundu mbele ya taa. Wanunuzi walikuja kutoka Thailand na Sri Lanka, wakaketi, wakanunua. Jiwe liliondoka ghafi, limefungwa katika kipande cha karatasi. Lilitiwa moto na kukatwa na mafundi wa mbali, na huko ndiko lilikopewa jina, cheti na thamani. Wachimbaji wachache walijenga nyumba za bati. Wengi walibaki na mashimo.

Biashara hiyo haikuhitaji mtutu wa bunduki. Mapatano yalifanywa mchana mbele ya watu. Mwenye jiwe alitaja bei, mwenye fedha akaipunguza, wakapeana mikono. Dhuluma, kama ilikuwapo, ilikaa katika jambo moja: mmoja alijua jiwe lile litakuwa nini baada ya kukatwa, na mwenzake hakujua. Msomaji na alishike jambo hilo, maana ndilo litakalohukumu habari inayofuata, ambayo si ya jiwe. Ni habari ya mkono wa kijana.

David Matoma ni Mganda aliyezaliwa mwaka 2006. Kazi yake ni kurusha mpira wa besiboli. Katika mchezo huo mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo, kiasi cha mita 18 kutoka kwa mpigaji aliyeshika rungu, na wajibu wake ni kumshinda kwa kasi, kwa shabaha, au kwa hila ya kuupinda mpira njiani. Matoma hurusha kwa mkono wa kulia, na mpira wake huweza kupita kasi ya maili 95 kwa saa, yaani kilomita 150 na zaidi. Mwaka 2023 alichukuliwa na timu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani. Hakupelekwa Pittsburgh. Alianzia Jamhuri ya Dominika, ambako timu za Marekani hulea vijana wa kigeni katika ligi ya kiangazi. Mwaka 2024 alikuwa Florida, akapanda mpaka timu ya Bradenton, ambayo ni daraja la chini katika ligi ndogo zenye msimu kamili. Kutoka hapo palikuwa na ngazi nyingine tatu kabla ya kuifikia ligi kuu. Kabla yake, mwaka 2022, Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia saini na Los Angeles Dodgers.

Furaha iliyowapokea vijana hao ilikuwa halali. Uganda haikufika hapo kwa bahati. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda yao wakastahili kwenda Williamsport, Pennsylvania, katika mashindano ya dunia ya watoto. Wakanyimwa viza kwa sababu karatasi za umri wao hazikulingana. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na wakaishinda timu ya Oregon kwa 3 kwa 2. Mwaka 2015 watoto wengine wa Uganda waliishinda Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo huzaa wachezaji wa besiboli kama Tunduru inavyozaa korosho. Watu walioyashinda hayo wana haki ya kupiga vigelegele.

Walakini furaha hiyo imezaa fikira mbaya, na fikira hiyo ndiyo inayostahili kupigwa. Inasema kwamba saini ya mkataba ndiyo mavuno. Kwamba kijana akishachukuliwa, nchi imeshinda. Na kwamba njia iliyo njema kwa Tanzania, Kenya na Uganda ni kuwatayarisha vijana wengi kadiri iwezekanavyo ili nao wachukuliwe. Hii ni fikira ya ukingo wa Muhuwesi. Humhesabu mnunuzi kuwa ndiye mvua, na huona kuuza kuwa ndiko kuvuna.

Yatazamwe matendo ya mnunuzi huyo huyo katika mwaka huo huo. Julai 2023 Pittsburgh Pirates walimchagua Paul Skenes, naye mrushaji, naye wa mkono wa kulia, kutoka Chuo Kikuu cha Louisiana State. Fedha za kutia saini alizopewa zilikuwa dola milioni 9.2. Kwa vijana wa kigeni sheria ni nyingine. Kila timu hupangiwa kima cha fedha ambacho haiwezi kukizidi kwa vijana wote wa kigeni itakaowachukua katika mwaka mzima, na mwaka 2023 hapakuwa na timu iliyopangiwa hata dola milioni 7. Kijana mmoja wa Marekani alipewa zaidi ya fedha zote ambazo timu iliruhusiwa kuwagawia vijana wote wa Dominika, Venezuela, Uganda na kwingineko. Tena kijana mgeni akipewa dola 10,000 au pungufu, fedha hizo hazihesabiwi kabisa katika kima hicho. Sheria yenyewe imekwisha kusema kwamba yuko mtu ambaye bei yake haistahili kuandikwa daftarini.

Atatokea mwenye akili aseme kwamba Skenes alikuwa na miaka 21 na alikwisha kuthibitishwa katika mashindano ya vyuo, ambapo Mganda wa miaka 16 au 17 ni dhana tu. Neno hilo ni kweli, na ndilo hasa linalotakiwa. Skenes alikuwa jiwe lililokatwa. Nchi yake ilikuwa na shule zenye viwanja, vyuo vyenye walimu na mashindano yenye hesabu za kila mpira uliorushwa. Alipofika mbele ya mnunuzi, kila mtu alijua uzito wake. Mei 2024 alikuwa tayari katika ligi kuu. Mganda hakukosa mkono. Alikosa nchi ya kuukata mkono huo mpaka ung'ae kabla haujauzwa.

Baada ya saini huja miaka. Kijana anayetia saini akiwa na umri huo aweza kushikwa na timu yake katika ligi ndogo kwa misimu 7 bila ruhusa ya kutafuta bwana mwingine. Gift Ngoepe wa Afrika ya Kusini alitia saini na Pirates mwaka 2008. Alikanyaga uwanja wa ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, akiwa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kufika huko, na mpira wa kwanza alioupiga ukampatia kituo. Miaka karibu 9 ilikwenda kwa ajili ya usiku huo. Na michezo yake yote ya ligi kuu haikufika 50. Hiyo ndiyo habari ya mtu aliyefaulu. Wasiofaulu ni wengi zaidi, na hawana tarehe inayokumbukwa.

Huja pia mwili. Kurusha mpira kwa kasi ile ni kuuvuta mkono kinyume cha maumbile yake. Kano ndogo ya kiwiko hubeba mzigo ambao haikuumbiwa, na mara nyingi hukatika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John akamwekea kano nyingine, na tangu siku hiyo upasuaji ule unaitwa kwa jina la mgonjwa. Anayefanyiwa hukaa mwaka mzima au zaidi bila kucheza. Desemba 2024 wakuu wa ligi ya Marekani wenyewe walitoa taarifa iliyokiri kwamba kuongezeka kwa majeraha ya warushaji kunafuatana na tamaa ya kasi. Yaani kile anachonunuliwa nacho kijana ndicho kinachomvunja. Kiwiko kikikatika katika mwaka wa 2, kijana mwenye elimu hurudi kwenye elimu yake. Asiye na elimu hurudi kwenye nini?

Kuhusu mshahara, haki ni kusema kwamba mambo yalitengenea kidogo. Mpaka mwaka 2022 mchezaji wa daraja kama la Bradenton alilipwa kima cha chini cha dola 11,000 kwa mwaka, na yule wa ligi ya mafunzo ya Florida dola 4,800. Wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi Septemba 2022, na mapatano ya Machi 2023 yakapandisha vima hivyo kuwa dola 26,200 na dola 19,800. Hayo ni matunda ya umoja wala hayakuwa sadaka. Lakini mapatano hayo hayakuwagusa vijana wanaocheza katika Jamhuri ya Dominika. Mlango ambao Mwafrika huingilia, kwa mwaka wake wa kwanza au wa pili, ndio mlango ulioachwa nje ya ukuta. Jambo hili halikuandikwa kwa herufi kubwa katika habari za kumpongeza mtu yeyote.

Wapo watakaodakia kwamba huu ni utumwa mpya. Neno hilo si la haki, na katika nchi ya Tunduru halifai kutumiwa ovyo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikapita nchi ya Wayao kwenda Kilwa, na watu waliofungwa kwa kamba katika misafara ile hawakuulizwa kama wanakubali. Matoma, Serunkuma na Male walichagua, wakafanya kazi kwa bidii, na heshima yao ni yao. Hoja iliyopo ni ya bei na maarifa, na hoja hiyo ina uzito wa kutosha pasipo kuazima machozi ya wafu.

Wengine watasema ni wivu. Watauliza: kijana wa nyumba ya udongo akipata dola, mwenye kalamu anaumia nini? Jibu ni kwamba hakuna anayemlaumu kijana. Mchimbaji mwenye njaa hana kosa akiuza jiwe jioni ile ile. Lawama ni ya watu walioshiba, wenye ofisi na vyama, ambao miaka 30 baada ya Muhuwesi bado wanasimama ukingoni pamoja na mwenye njaa na kumpigia makofi mnunuzi. Serikali ya Tanzania ilikwisha kulifahamu somo hili kwa upande wa mawe: vijana wanafundishwa kukata vito katika Kituo cha Jemolojia mjini Arusha, na tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini ili bei ijulikane kabla jiwe halijaondoka. Ajabu ni kwamba akili iliyopatikana kwa jiwe haijapatikana kwa mtu.

Wala hapahitajiwi ndoto ili kuona jambo lenyewe laweza kufanywa. Yoshinobu Yamamoto ni mrushaji wa Japani. Alicheza kwao, katika timu ya Orix Buffaloes, tangu mwaka 2017 mpaka 2023. Alipokwenda Los Angeles Dodgers Desemba 2023, kwa mkataba wa dola milioni 325, Dodgers walipaswa pia kuwalipa Orix dola milioni 50 na zaidi, kwa sababu kuna mapatano baina ya ligi ya Japani na ligi ya Marekani: mrushaji hatoki mpaka timu iliyomlea ipewe fungu lake. Mjapani naye hununuliwa na Mmarekani. Lakini hununuliwa akiwa amekatwa, na fundi aliyemkata hulipwa. Dodgers hao hao ndio waliowachukua Serunkuma na Male. Mnunuzi ni mmoja. Kilichotofautiana ni nyumba ambamo muuzaji aliketi.

Kama mfano wa Japani ni wa mbali, upo wa karibu. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko, katika mji wa Afrika, chini ya timu ya Afrika, alikatwa akang'aa: mwaka 2015 Mazembe walitwaa kombe la mabingwa wa bara hili, naye akatangazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani. Ndipo alipokwenda Genk ya Ubelgiji mwanzo wa mwaka 2016, na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Tena kandanda ina kanuni, tangu mwaka 2001, kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Kilabu cha mtaa wa vumbi kina haki ya kudai kwa sababu mtoto alijifunzia pale. Besiboli haina kanuni ya namna hiyo kwa mwalimu wa Lugazi au wa Dar es Salaam. Mwalimu huyo hupewa asante, na mara nyingine hupewa mipira iliyokwisha tumika.

Huenda mtu akasema kwamba mazungumzo haya ni ya Waganda, na kwamba Mtanzania, tena wa Tunduru, hana besiboli. Kuhusu Tanzania amekosea. Tangu mwaka 2012 Wajapani, wakiongozwa na Shinya Tomonari, wamekuwa wakiufundisha mchezo huo katika shule za sekondari, na Desemba 2018 ulifunguliwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ukapewa jina la Koshien kwa kuukumbuka uwanja mashuhuri wa mashindano ya shule za Japani. Kuhusu Tunduru, hapahitajiwi rungu wala glavu ili kutambua kilichopo. Mtoto anayewekwa shambani kuamia ndege wa mpunga na kufukuza ngedere katika mahindi hujifunza kurusha kabla hajajifunza kuandika. Hurusha kwa mkono na kwa kombeo, asubuhi mpaka jioni, na shabaha yake hupimwa kwa chakula cha nyumbani. Mkono upo. Na barabara ya lami sasa inapita Tunduru kutoka Songea mpaka Masasi. Mnunuzi wa vito alifika wakati wa tope na mavumbi. Mtafuta vipaji atashindwaje kufika kwa lami? Swali lililobaki ni moja: atakapofika atamkuta nani pamoja na mtoto?

Kama atamkuta mtoto peke yake na mzazi asiyesoma lugha ya mkataba, habari ya Muhuwesi itarudiwa neno kwa neno. Isirudiwe, mambo manne yanatakiwa, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wa nchi za Afrika Mashariki. La kwanza, mkataba wowote wa kijana aliye chini ya miaka 18 usiwe halali mpaka umeandikwa pia kwa Kiswahili au kwa lugha anayoisoma mzazi wake, na kuelezwa na mwanasheria asiyelipwa na mnunuzi. La pili, kijana aondoke na ahadi ya shule iliyoandikwa ndani ya mkataba, ili siku kiwiko kitakapokatika maisha yasikatike pamoja nacho. La tatu, vyama vya besiboli vya Uganda, Kenya na Tanzania vikae pamoja na kudai fungu la mlezi kama lile la kandanda. Maana nchi moja ikidai peke yake mnunuzi ataivuka na kwenda kwa jirani, na zikidai zote hana pa kuvukia. La nne, ambalo ndilo mama wa yote, pawe na ligi. Ligi ya shule za Songea, Masasi, Mpigi na Machakos, hata ikiwa maskini, yenye daftari la hesabu za kila mchezo, ni meza ya kukatia vito. Kijana aliyecheza misimu mitatu mbele ya watu wake, na hesabu zake zikaandikwa, hawezi kuitwa dhana.

Itasemwa kwamba masharti haya yatamfukuza mnunuzi. Hofu hiyo ni ya zamani, nayo ilisikika hata katika madini. Mnunuzi wa kweli hakimbii jiwe kwa sababu limepimwa. Anayekimbia mizani ni yule aliyetegemea giza, na kuondoka kwake si hasara. Orix hawakukosa mnunuzi kwa kutaja bei yao. Wala vilabu vya kandanda havikuacha kuwatafuta vijana wa Afrika kwa sababu ya ile asilimia 5.

Na Matoma apande ngazi zake zote tatu. Na kiwiko chake kiwe salama, na siku atakaposimama juu ya kichuguu cha ligi kuu, vigelegele visikike Kampala, Dodoma na Nairobi. Lakini siku hiyo isihesabiwe kuwa ushindi wa nchi ambazo hazikumjengea kitu. Utakuwa ushindi wake mwenyewe na wa walimu wake wachache. Nchi zitakuwa na haki ya kujisifu siku ambayo mtoto wa bonde la Muhuwesi, akifuatwa na mgeni mwenye kalamu na karatasi, ataweza kumjibu kwa adabu kwamba mkono wake umekwisha kupimwa, bei yake inajulikana, na wazee wake wanaomsomea mkataba wameketi ndani wanamngoja.